Je, kifaa cha kutambua kamera za mwendo kinaweza kumwongoza dereva Kampala?

Mwezi Juni 2025 madereva wa Uganda walipitia wiki moja ya taharuki. Tarehe 4 ya mwezi huo mfumo wa kutoza faini kwa kutumia kamera, unaojulikana kama EPS Auto, ulianza kazi. Ilipofika tarehe 11, Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Edward Katumba Wamala, alitangaza kuusitisha kwa mwezi mmoja ili malalamiko yaliyokuwa yamerundikana yapate kushughulikiwa. Viwango vya faini ndivyo vilivyowagutua wengi: shilingi 200,000 kwa dereva aliyezidisha kikomo cha mwendo kwa hadi kilomita 30 kwa saa, na shilingi 600,000 kwa aliyevuka hapo. Kwa mtu anayelisha familia kwa kuendesha teksi au kusambaza bidhaa, fedha hizo ni jasho la siku nyingi.

Upande wa pili wa mizani ni uhai wa watu. Takwimu za polisi ya Uganda zinaonyesha kuwa watu 5,144 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2024, idadi iliyopanda kutoka 4,806 ya mwaka uliotangulia. Kanuni za mwendo za mwaka 2024 ziliteremsha kikomo hadi kilomita 30 kwa saa katika maeneo yenye waenda kwa miguu wengi, kama vile karibu na shule na hospitali, na kikomo hicho ndicho kilichozua mabishano makali kuliko vingine.

Katika hali hiyo, kisanduku kidogo kilichobandikwa juu ya dashibodi ya gari lililotoka Japani huanza kutazamwa kwa jicho jipya. Magari mengi yanayotumika Kampala yalinunuliwa yakiwa yameshatumika Japani, nchi ambayo, sawa na Uganda, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Baadhi yake hufika Mombasa na baadaye Kampala yakiwa bado na mali za mwenyewe wa kwanza: redio zinazozungumza Kijapani, kifaa cha kulipia barabara ambacho hulalamika kila gari linapowashwa kwamba hakina kadi, na mara nyingine kifaa cha kutambua kamera za mwendo. Soko la Kisekka, lililo chini ya mteremko wa kilima cha Old Kampala, ni mahali mashuhuri pa spea za magari, na mafundi wa pande hizo si wageni wa vitu vya aina hiyo.

Swali la dereva lina sehemu mbili. Je, kifaa hicho kitamwonya kuhusu kamera za Kampala? Na kama hakiwezi, je, GPS iliyomo ndani yake inaweza kutumika kumwonyesha njia? Jibu la swali la kwanza ni hapana, kwa sehemu kubwa. Jibu la pili ni ndiyo, kwa masharti ambayo inafaa kuyajua kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Masikio mawili ndani ya kisanduku kimoja

Kifaa cha kisasa cha kutambua kamera huwa na masikio mawili. La kwanza husikiliza mawimbi ya rada. Polisi wa nchi nyingi hupima mwendo kwa kurusha mawimbi ya redio kuelekea gari na kupima jinsi yanavyobadilika yanaporudi. Kifaa huyanasa mawimbi hayo kabla gari halijafika karibu. La pili ni kipokezi cha GPS. Hili halina habari na kamera hata kidogo. Kazi yake ni kujua gari lilipo, kisha kulinganisha mahali hapo na orodha ya kamera iliyohifadhiwa ndani. Gari linapokaribia nukta iliyoandikwa kwenye orodha, sauti hutoka.

Masikio yote mawili hupoteza faida yake gari linapovuka bahari. Orodha ya kifaa cha Kijapani ni ya kamera za Japani. Hakuna mtaa hata mmoja wa Kampala ndani yake. Kuhusu rada, kamera zinazosoma namba za usajili wa magari hazihitaji kurusha mawimbi yoyote ili kufanya kazi. Zinaweza kupiga picha mahali pawili na kukokotoa mwendo kutokana na muda uliopita kati ya picha ya kwanza na ya pili. Bunduki za leza zinazoshikwa mkononi nazo hutoa mwali mwembamba sana, na kifaa kinapounasa huwa mwendo wa gari umeshapimwa. Kinachobaki ni kelele za bure. Milango inayojifungua yenyewe kwenye maduka makubwa, pamoja na vihisi vya usalama vya magari mengine, hutumia mawimbi yanayokaribiana na yale ya rada za polisi, na kifaa hupiga kelele mbele ya duka kama kilivyokuwa kikipiga mbele ya askari wa Tokyo.

Hivyo, anayekinunua kwa nia ya kukwepa faini ananunua kitu kisichokuwepo. Kilichopo, na ambacho bado ni kizima hata baada ya miaka mingi, ni lile sikio la pili.

Anayesikiliza hajulikani

Hapa kuna hofu moja inayostahili kuondolewa. Watu wengi huamini kuwa kifaa chenye GPS humtangaza mwenyewe, yaani kinamwambia mtu fulani mahali fulani kwamba gari liko hapa. Uganda ilianza Novemba 2023 kuweka vibao vya kidijitali vya namba za usajili kwenye magari ya serikali, vibao vinavyokusudiwa kuwezesha gari kufuatiliwa, na tangu hapo maneno “GPS” na “kufuatiliwa” yamezoeleka kutajwa kwa pumzi moja.

Ukweli ni kwamba kipokezi cha GPS hupokea tu. Satelaiti zaidi ya 30 za Marekani huzunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikikamilisha mizunguko miwili kwa siku, na zote hutangaza saa sahihi na mahali zilipo. Kipokezi hupima muda ambao kila tangazo limetumia njiani. Kwa kusikia satelaiti nne au zaidi, hukokotoa mahali kilipo na pia hurekebisha saa yake. Satelaiti haijui nani anaisikiliza, kama vile kituo cha redio kisivyojua ni jikoni mwa nani sauti yake inasikika. Kinachofuatilia gari ni kitu kingine kinachoongezwa baada ya hapo: laini ya simu au kipeperushi kinachopeleka habari za kipokezi kwa mtu mwingine. Kifaa cha zamani cha kutambua kamera, kisicho na laini ya simu, hakina uwezo huo.

Huduma yenyewe haina ada. Mfumo ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995, na kuanzia Mei 2000 Marekani iliacha kuwapunguzia raia usahihi kwa makusudi. Tangu hapo kipokezi cha bei ya chini kilicho chini ya anga iliyo wazi huweza kukosea kwa mita chache tu. Vifaa vipya zaidi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Vile vya Japani hujivunia satelaiti za nchi hiyo ziitwazo Michibiki, lakini satelaiti hizo zimepangwa juu ya Asia ya Mashariki na Australia; kwa mtu aliyesimama Kampala karibu zote ziko chini ya upeo wa macho, na nembo yake iliyochapishwa kwenye kisanduku haimwongezei kitu kikubwa.

Saa inayosema Kiswahili kwa bahati

Kifaa kinapowashwa Kampala kwa mara ya kwanza, dereva asifadhaike kikionekana kimekufa. Kumbukumbu yake ya mwisho ni ya Japani. Kinatafuta satelaiti ambazo kingezikuta juu ya Nagoya au Yokohama, na hakizioni. Itabidi kipokee upya ratiba ya satelaiti zote, na ratiba hiyo hutangazwa polepole, kiasi cha kuchukua dakika 12 na nusu kuipata yote bila kukatizwa. Lililo jema ni kulisimamisha gari mahali peupe, mbali na ghorofa na paa za mabati, na kukiacha kikiwa kimewashwa kwa nusu saa. Vioo vya mbele vilivyotiwa utando wenye chembechembe za metali huzuia mawimbi; katika gari la namna hiyo kifaa kinaweza kusubiri hadi jioni kisipate kitu.

Kikishapata satelaiti, jambo la kwanza la kukagua ni tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki kwa namba inayofikia 1,023 kisha kurudi sifuri, yaani kila baada ya wiki 1,024, ambazo ni karibu miaka 19 na miezi saba na nusu. Hesabu hiyo ilirudi sifuri Agosti 1999, na tena usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019 kwa saa za Afrika Mashariki. Vifaa ambavyo programu yake haikuandaliwa kwa hali hiyo hurudi nyuma ghafla. Tarehe 10 Juni 2025, kwa mfano, ilikuwa Jumanne. Kifaa chenye kasoro hiyo kingeonyesha tarehe 25 Oktoba 2005, ambayo nayo ilikuwa Jumanne, kwa kuwa kosa ni la wiki kamili. Mahali kinapoonyesha huendelea kuwa sahihi mara nyingi. Lakini programu ya ramani inayokagua tarehe inaweza kukikataa, na muuzaji anayesema kuwa “saa tu ndiyo imekosea” huenda anasema kweli bila kujua uzito wa anachokisema.

Saa yenyewe ina kichekesho chake. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya saa za kimataifa na namna Waswahili wanavyohesabu saa. Kampala ikiwa saa nane mchana, Tokyo ni saa 20:00. Kwenye kioo chenye mpango wa saa 12 kifaa kitaandika 8:00. Alfajiri inapopambazuka na kuwa saa moja Kampala, kifaa kitaandika 1:00. Dereva anayejua Kiswahili atadhani mtengenezaji alimfikiria.

Kukipata kinachosemwa ndani

Ili kukitumia kama kipokezi cha kuongozea njia, ni lazima habari za mahali zitoke ndani ya kisanduku na kufika kwenye kitu chenye ramani: kompyuta ya mkononi, tableti isiyo na GPS yake, au simu. Hapa ndipo wengi hukwama. Vifaa vingi vya Kijapani vina tundu la kadi ya kumbukumbu kwa ajili ya kuingiza orodha mpya ya kamera, na tundu la umeme, basi. Hakuna njia ya habari za mahali kutoka. Vile vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya, hasa vya muongo wa 2000, ndivyo vilivyokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na waya wa kuunganisha na kompyuta. Kuwapo kwa tundu la USB pekee si ushahidi, kwani matundu mengine hupitisha umeme tu.

Njia ya kukagua ni nyepesi. Kifaa huunganishwa na kompyuta, kisha programu yoyote ya kusoma mlango wa mfululizo hufunguliwa kwa kasi ya 4,800 au 9,600. Kikiwa kinatoa habari, mistari itaanza kushuka kwenye kioo, mmoja kwa kila sekunde, ikifanana na huu:

$GPRMC,110000,A,0018.96,N,03234.08,E,16.2,090.0,100625

Huu ni mtindo wa NMEA 0183, uliobuniwa mwaka 1983 kwa ajili ya vyombo vya baharini na ambao karibu kila kipokezi duniani bado kinaujua. Kuusoma hakuhitaji uhandisi. Namba 110000 ni saa 11:00 kwa saa za kimataifa. Ukitoa tatu unapata saa ya Kiswahili ya Kampala, saa nane. Herufi A humaanisha kuwa mahali pamepatikana; ingekuwa V, namba zinazofuata zisingeaminika. Zinafuata latitudo na longitudo, kisha mwendo, uelekeo, na tarehe. Mwendo umeandikwa kwa noti, kipimo cha mabaharia: noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, na kwa hiyo noti 16.2 ni kilomita 30 kwa saa, kikomo kile kile kilichozua ubishi.

Kosa la kawaida, na la hatari, ni kuisoma latitudo vibaya. Namba 0018.96 si digrii 0.1896. Ni digrii 0 na dakika 18.96, na dakika hugawanywa kwa 60: jibu ni digrii 0.316. Vivyo hivyo 03234.08 ni digrii 32 na dakika 34.08, yaani 32.568. Hapo ni juu ya kilima cha Old Kampala. Anayesogeza nukta bila kugawanya atapelekwa digrii 0.1896 na 32.3408, takriban kilomita 29 kusini-magharibi, na ramani itamwambia kwa utulivu kabisa kwamba amesimama jirani na Mpigi. Programu nzuri hufanya hesabu hiyo yenyewe. Lakini mtu anayenakili namba kutoka kwenye kioo cha kifaa ili amtumie mwenzake kwa ujumbe wa simu hana budi kuandika ni mtindo gani ametumia.

Herufi N nayo si pambo. Japani yote iko kaskazini mwa ikweta, na mtu anaweza kuizoea N hadi akaacha kuitazama. Kampala iko kaskazini kwa umbali mdogo tu. Dereva anayekwenda Masaka huvuka ikweta Kayabwe, na kuanzia hapo herufi hubadilika kuwa S huku namba zikianza kupanda tena. Programu au mtu asiyeizingatia herufi hiyo ataiona safari ikirudi nyuma.

Iwapo kisanduku hakina tundu la habari, fundi wa vifaa vya umeme anaweza kukifungua. Ndani, chini ya kigae kidogo cha mraba ambacho ndicho antena, huwa kuna moduli ya GPS yenye nyaya chache: umeme, ardhi, kutoa habari na kupokea. Waya wa kutoa habari unaweza kuunganishwa na kompyuta kwa adapta ya USB ya volti 3.3. Tahadhari ni moja na haina mjadala: umeme wa gari ni volti 12 na zaidi, na ukigusa moduli hiyo moja kwa moja huiunguza papo hapo. Kwa mtu mwenye simu ya kawaida ya Android, hata hivyo, kazi hiyo yote haina maana. Simu yake ina kipokezi ambacho huenda ni bora kuliko cha kisanduku, na programu za ramani zisizohitaji intaneti, zinazotumia data za OpenStreetMap, hupakuliwa mara moja na kufanya kazi bila bando.

Kilima kilichokuwa alama kabla ya GPS

Old Kampala ni mahali pazuri pa kujaribia kipokezi chochote. Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa alijenga ngome juu ya kilima hiki, na jina la kilima, linalohusishwa na swala waliokuwa wakilisha hapo, ndilo lililokuja kuwa jina la jiji zima. Makumbusho ya Uganda yalianzia hapo mwaka 1908. Leo kilele kimeshikwa na Msikiti wa Taifa, na wageni hupanda mnara wake kutazama vilima vingine: Namirembe, Rubaga, Mengo, Nakasero, Kibuli, Makerere. Kwa karne nzima watu wa Kampala wameelekezana kwa vilima, misikiti, makanisa na vituo vya teksi. Namba za nyumba zimekuja baadaye sana, na katika mitaa mingi bado hazitumiki kuelekezana.

Kwa sababu hiyo, nukta ya GPS ina thamani ya pekee kwa mgeni. Mitaa ya Old Kampala na Kisenyi iliyo chini yake imewapokea Wakongo, Wasomali na wengine wengi ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kwanza au ya pili ya kuombea msaada, na ambao majina ya Kiganda ya vituo hayajawakaa kichwani. Mtu aliyepewa maelekezo ya “shukia hapo kwenye mwembe, kata kona ya duka la buluu” hupotea mwembe ukishakatwa. Namba mbili zenye tarakimu tano baada ya nukta humfikisha kwenye mlango wenyewe kwa kosa la mita chache.

Juu ya kilima anga ni wazi pande zote na kipokezi hutulia haraka. Hali hubadilika kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Kisekka na vituo vya teksi. Kati ya majengo marefu yaliyosongamana, mawimbi hufika baada ya kugonga kuta na mabati, kipokezi hudhani satelaiti iko mbali kuliko ilivyo, na gari lililosimama huonekana kwenye ramani likirukaruka kutoka mtaa mmoja hadi wa jirani. Hilo ni kosa la mazingira. Kubadilisha kifaa husaidia kidogo tu. Jioni nazo zina mambo yake. Katika ukanda wa ikweta tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huvurugika baada ya jua kutua, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba katika miaka ambayo jua lina harakati nyingi, na kipokezi kilichofanya vizuri mchana kinaweza kuyumba kwa saa kadhaa.

Faida iliyo karibu na mfuko

Kuna matumizi moja ambayo kifaa cha zamani, hata kisichotoa habari nje, bado kinayaweza vizuri, nayo ni kuonyesha mwendo wa kweli. Kipimo cha mwendo cha gari huhesabu mizunguko ya magurudumu, na watengenezaji hukipanga kizidishe. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari hairuhusu kipimo kionyeshe pungufu ya mwendo halisi, lakini huruhusu kizidishe kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linaweza kuonyesha hadi 37 na bado likawa ndani ya kanuni. Kinyume chake, gari lililofungwa matairi makubwa kuliko ya kiwandani, jambo la kawaida kwa magari yanayopelekwa barabara za vumbi, linaweza kukimbia kuliko kipimo kinavyosema. Dereva huyo anaweza kupigwa faini akiapa kwamba alikuwa ndani ya kikomo, na akawa hasemi uongo.

GPS haitegemei matairi. Hupima mwendo kutokana na mabadiliko madogo ya mawimbi ya satelaiti, na gari linapokwenda kwa mwendo usiobadilika chini ya anga iliyo wazi, kosa lake huwa chini ya kilomita 1 kwa saa. Barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, yenye kikomo cha kilomita 100 kwa saa na anga isiyozibwa, inafaa kwa ulinganisho: abiria, si dereva, aandike kipimo cha gari na cha kifaa kwa pamoja kila baada ya muda, na tofauti itajulikana kabla ya kufika kituo cha kulipia. Ieleweke tu kwamba kifaa hutoa jibu mara moja kwa sekunde, na huchelewa kidogo dereva anapokanyaga mafuta au breki. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde moja ni mita 28.

Anayekusudia kusafiri na kifaa chake nje ya Afrika Mashariki ana jambo la ziada la kuzingatia. Sheria hazifanani. Uingereza huruhusu vifaa vinavyoonya kuhusu kamera kwa kutumia GPS. Ujerumani humkataza dereva kutumia kifaa cha namna hiyo akiwa anaendesha, na katazo linagusa hata programu ya simu. Ufaransa ilivipiga marufuku mwaka 2012, na programu za huko tangu wakati huo huonyesha “maeneo ya hatari” pasipo kutaja kamera. Uswisi imeenda mbali zaidi: kuviingiza nchini au kusafiri navyo garini ni kosa, na polisi hukitwaa kifaa na kukiharibu, bila kujali kama mwenyewe alikuwa akikitumia kutafuta njia tu.